Namba ya Daktari Ashwin

Jumatatu, 2 Machi 1896

Daktari Ashwin amekuja tena. Kambonyeza Milly tumbo, kanawa mikono, kaniita pembeni. Uvimbe umekua. Anataka kumpasua Ijumaa. Milly anasema nikikubali mimi, naye kakubali — eti mimi ndiye dada mkubwa, mimi ndiye msomi! Msomi wa nini, jamani? Wa herufi za Kiebrania, kila Alhamisi, chumbani juu ya duka la mvinyo.

Nimeomba siku mbili za kufikiri.

Jumanne, 3 Machi

Sikupaswa kufanya. Nimefanya. Nimeliandika jina la daktari kwa Kiebrania, kama tunavyofundishwa katika chama chetu cha siri, kila herufi na namba yake. Alefu moja, shini mia tatu, vavu sita, nuni hamsini. Jumla 357. Haina neno. Ningeishia hapo!

Lakini sheria ya hesabu hizi inaruhusu kuongeza moja kwa ajili ya jina zima. Nikaongeza. 358. Namba ya Nyoka, jumla ya herufi za jina lake kwa Kiebrania! Hata mwanachama aliyeingia jana anaijua. Chai imepoa, sijainywa.

Jumatano, 4 Machi

Nimemwambia Daktari angoje mpaka wiki ijayo. Kauliza kwa nini. Nikasema mdogo wangu ana mafua. Kanitazama weee, kisha akavaa kofia. Kasema uvimbe haungoji mafua.

Milly hakulalamika. Aliniuliza tu kama nimeona kitu kwenye hesabu zangu. Anaziamini kuliko mimi, maskini.

Alhamisi, 5 Machi

Chamani. Nilimngoja Kaka Keddle avue joho. Kule sote ni kaka na dada, hata yeye mkuu wetu, na kitambi chake na saa yake ya dhahabu. Nikamweleza yote. Akacheka! "Dada Harriet, umesahau? 358 ni Nyoka, sawa. Lakini ni Masiya pia. Namba ileile."

Nikamwuliza, sasa daktari ni yupi kati yao? Akanipigapiga begani. "Hilo ndilo fumbo lenyewe, dada yangu. Litafakari mpaka Pasaka."

Mpaka Pasaka! Mtu anaumwa tumbo usiku na mchana, yeye ananiambia Pasaka! Nilitamani kumvuta ndevu. Nilipaza sauti, na wenzangu wakaniambia nitulie, mishumaa ya madhabahuni bado inawaka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Milly anaendeleaje.

Nimerudi kwa miguu, mvua yote mwilini. Sikupita kwa Daktari. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 6 Machi

Siku yenyewe imepita. Milly kanywa supu kidogo, katapika. Naogopa.

Jumamosi, 7 Machi

Homa. Tumbo gumu kama ubao. Nimetuma mtu, Daktari Ashwin kaja mbio bila hata kufunga koti. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza! Kasema tu: jana ingekuwa rahisi, leo sina ahadi ya kukupa.

Ndani ya gari la farasi Milly kanishika mkono. "Dada, namba yake ni njema?" Nikasema njema. Nimesema haraka mno. Akafumba macho.

Niko hospitalini sasa, kwenye benchi la ukumbini. Harufu ya dawa ya karboli inachoma pua. Naandika juu ya goti. Walipomwingiza chumba cha upasuaji niliona mguu wake tu, soksi moja imechomoka.

Muuguzi katoka. Kauliza jina kamili la mgonjwa. Nimesema Millicent Lomax. Wiki nzima nimehangaika na jina la mtu mwingine, la Milly sikuthubutu kuligusa. Niliogopa kujua. Muuguzi karudi ndani, mlango umefungwa, na kichwa kimeanza chenyewe. Memu arobaini. Yodi kumi. Lamedi thelathini. Nyamaza, Harriet! Mwombee, walau mwombee! Baba yetu uliye mbinguni — lamedi tena, thelathini. Jumla mia moja na kumi. Mungu wangu, siwezi kuacha. Samekhi sitini —