Sare Mia Mbili Ukutani

Kaka yangu,

Sisi wazima, na cherehani inakwenda vizuri. Uliniambia niandike lengo langu ukutani kana kwamba limeshatimia. Nikaandika kwa chaki: "Nimeshona sare mia mbili." Wazazi wa wanafunzi wakasoma, wakadhani nimemaliza kazi na sipokei nyingine, wakaenda kwa fundi mwingine. Wiki nzima nilikaa najipa moyo.

Mama ndiye aliyewasikia wakisema hivyo mlangoni. "Futa," akaniambia, "andika unashona."

Sasa nimefikisha sare arobaini. Vifungo anashona yeye, kwa kupapasa. Macho yanamwisha, kaka, ingawa alinikataza kukuambia.

Jana nilimuuliza lengo lake. Akasema ni kukuona.

Hilo sikuliandika ukutani. Nimekuandikia wewe.

Mdogo wako,
Fundi