Hati ya Kuvuka Ruvuma

Baba yangu mpendwa,

Nimeianza barua hii mara nne na mara nne nimeichana, kwa sababu kila nikishika kalamu nakusikia: "Somoe, barua yako haina kichwa. Anayeisoma atajuaje unataka nini?" Basi niseme mapema kwamba sijui ninataka nini. Ungekuwa hai ungenirudishia na alama ya penseli pembeni, na wala nisingekulaumu.

Mwezi uliopita mdogo wangu Hamisi aliezua paa la nyumba yetu ya Ufukoni, akakuta sanduku lako la bati juu ya dari. Akaniletea hapa Magomeni, papa hapa Mtwara, kwa mkokoteni. "Dada, mambo ya karatasi ni yako," akasema, akalitua mlangoni akaenda zake. Ndani mlikuwa na kofia yako ya darizi, kalamu mbili zilizokauka, daftari lako la nyumbani na bahasha moja iliyotiwa lakiri. Nilifungua bahasha kwanza. Laiti ningeanza na daftari.

Ndani ya bahasha ilikuwamo hati ya mama ya kuvuka Ruvuma. Jina lake limepigwa taipu vizuri, sahihi ya konseli ipo, mhuri upo, na chini imeandikwa kwamba itatumika kwa siku saba. Upande wa pili, mahali pa mhuri wa kuingilia ng'ambo, ni peupe.

Baba, nilikaa chini palepale sakafuni. Maisha yangu yote nimeamini kwamba hati ile haikutoka kabla bibi hajafa.

Wewe unaujua mwaka ule kuliko mimi. Bandari ya Mtwara ilikuwa bado inanukia saruji, nasi tulikuwa tumehama Mikindani ili uwe karibu na ofisi ya konseli wa Mreno. Ulikuwa karani wake. Barua zikiingia unazipa namba, zikitoka unazipiga taipu pamoja na nakala, unazitia lakiri, na anayepokea anaweka sahihi kwenye daftari. Uliipenda kazi ile mpaka ukaileta nyumbani. Pale mezani karibu na mlango uliweka vifuniko viwili vya makopo ya biskuti, cha kushoto cha barua zinazoingia na cha kulia cha zinazotoka. Mtu akitaka kitu, aandike. Nilipoomba viatu vya Idi nilijibiwa baada ya siku mbili: "Maombi yako yamepokelewa na yanafikiriwa." Mama alicheka mpaka akajishika kiuno. "Hivi mie nimeolewa au nimeajiriwa?" akakuuliza. Wewe ulicheka pia, lakini vifuniko hukuviondoa.

Mama hakujua herufi za kizungu. Mimi ndiye niliyemwandikia maombi yake, na akipewa kitu alibandika dole gumba kwenye daftari lako la nyumbani, hata kikiwa doti ya kanga. Nilijiona mtu mkubwa sana siku hizo, mwandishi wa mama yangu.

Kisha ikaja habari kutoka Kionga, ng'ambo ya Ruvuma, kwamba bibi, mama yake mama, ameanguka na hasemi. Mama alikuwa ameshafunga kibindo, yuko mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mama Somoe?"

"Kwa mama yangu. Watu wanavuka kila siku kwa mtumbwi, hakuna anayewauliza."

"Watu si mke wangu. Mimi napiga taipu barua za kuwakatalia wenzako, halafu wewe upite vichakani? Andika maombi. Konseli hatakataa."

Akafungua kibindo. Hilo nalikumbuka waziwazi, mikono yake ikifungua kile kifundo taratibu. Nikaandika maombi, wewe ukayapeleka ofisini, na yakapangwa foleni chini ya maombi ya watu wengine, kwa sababu ulikataa kuyapandisha juu. Wiki tatu zikapita. Mimi nikashikwa na surua. Siku zile zimeniacha na vipande tu, joto, maji ya mwarobaini, viganja vya mama vikinipaka manjano mgongoni. Nilipopata nafuu ya kukaa kitako, mama alikuwa amejifunika kaniki na nyumba imejaa wanawake. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Baada ya matanga mama aliviosha vile vifuniko viwili akawekea chumvi. Kuanzia hapo hakuna aliyeandika tena maombi nyumbani kwetu, na mimi kwa akili zangu za mtoto nikapitisha hukumu.

Hukumu hiyo nilikusomea siku naondoka kwenda kwa mume wangu Lindi. Uliniuliza kwa nini sikuagi vizuri. Nikakujibu mbele ya mama, "Bibi alikufa mama akingoja mhuri wako." Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la kanzu, ukaivaa tena. "Safari njema, binti yangu," ukasema. Mama alikuwa ameshika kikapu changu, macho yake chini. Nilidhani ananiunga mkono. Tangu siku ile nilikuwa nakuja kukuamkia, nakula, naondoka, na hata ulipougua nilikuuguza kama mtu anayelipia kosa la jirani. Aibu inanishika kuandika haya.

Sasa nirudi kwenye bahasha. Kwa siku tatu nilikuchukia upya, nikaona kuwa ubaya wako ulizidi hata nilivyofikiri. Kumbe hati ilitoka na ukaificha! Labda uliogopa mama akivuka hatarudi. Labda uliisahau kwenye koti. Hamisi nilimfokea bure, eti kwa nini hakulichoma sanduku.

Siku ya nne nikalifungua daftari. Nililipekua mpaka nikafika mwaka ule, na mstari upo, kwa mwandiko wako uliosimama wima: "Hati ya kuvuka, Mama Somoe." Tarehe ni siku tisa kabla ya kifo cha bibi. Kwenye nafasi ya mpokeaji pana dole gumba la mama. Madole mengine yote katika daftari ni ya zambarau, ya wino wa mhuri. Hili lina zambarau katikati na ukingo wa njano. Nililitazama sana. Nikajiambia, huyu ametoka kunipaka manjano. Kisha nikajipinga mwenyewe, mama alipika mchuzi maisha yake yote, manjano hayathibitishi kitu.

Ndipo macho yangu yakafika nafasi ya mwisho, ile ya maelezo, ambayo kwa kawaida uliiacha tupu. Umeandika: "Hati imerudishwa na mwombaji. Somoe ana surua, hawezi kuachwa. Asiambiwe."

Asiambiwe! Nani alitoa amri hiyo, baba? Mama naye yuko huko huko nawe, sina wa kumuuliza. Ni mama aliyekuomba, au wewe uliyeamua? Kama ni mama, aliwezaje kusimama na kikapu changu mkononi akanisikiliza nikikutukana, asiseme neno? Na kama ni wewe, kwa nini hukufungua mdomo siku ile, hata uniambie tu kaa kimya hujui kitu? Mlinilinda nisibebe kifo cha bibi, mkakibeba ninyi, mmoja akasingiziwa na mwingine akatazama. Nataka kuwashukuru na nataka kuwagombeza, na vyote vinanijia kwa pamoja.

Tena usidhani nimekusamehe kila kitu. Mama angevuka siku ile ya kwanza amefunga kibindo, angemwona mama yake akarudi kabla mimi sijaanza hata kukohoa. Ni wewe uliyemwambia aandike. Wiki tatu zile ni zako. Nikifika hapo naona kumbe nilikuwa na haki, halafu nalitazama dole lile la njano haki yote inaniponyoka. Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka nimechoka. Ulikuwa na kosa, na kosa nililokupa mimi halikuwa lile.

Leo asubuhi nimelilaza daftari mezani. Chini ya mstari wa mama pana mstari mtupu, sijui kwa nini uliuruka, wewe usiyepoteza karatasi. Nimeandika tarehe ya leo. Kwenye nafasi ya maelezo nimeandika neno moja, "Ameambiwa." Wino wa mhuri sina, kwa hiyo nimekwenda jikoni nikachovya dole gumba kwenye kopo la manjano, nikalibandika penye nafasi ya mpokeaji, chini kidogo ya la mama. Yanafanana, baba. Hata mimi nimeshindwa kuyatofautisha.

Pumzika salama, na umfikishie mama salamu hizi bila kuzipanga foleni.

Ni mimi, niliyekuaga vibaya,
Binti yako Somoe