Kikao cha Dharura Kuhusu Kamera, Kadi ya Grafiki na Fomu ya Ridhaa

UMOJA WA WATUMIAJI WA KOMPYUTA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 14 mwezi wa sita
Mahali: Chumba cha Umoja, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo
Kilipangwa kuanza: saa 9:00 alasiri
Kilianza: saa 9:25

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti (mstaafu wa zimamoto)
Katibu (fundi wa kompyuta, ndiye anayeandika hapa)
Injinia (mtengeneza programu)
Mama Chapa (mwenye duka la kuchapa na kunakili, ghorofa ya chini)
Mtumba (muuza vifaa vya kompyuta vilivyotumika)
Kocha (msimamizi wa mashindano ya gemu)

MWALIKWA
Dada wa Katibu, fundi cherehani katika kiwanda cha sare. Wajumbe wanamfahamu vizuri. Mito wanayokalia aliwashonea yeye.

WASIOHUDHURIA
Mweka Hazina (kwa udhuru, amefiwa).
Makamu Mwenyekiti (bila udhuru. Katibu alipokuwa akija alimwona dirishani kwake, naye akavuta pazia).

KUMB. NA. 1/DH: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao baada ya kumsubiri Mtumba, aliyekuwa akibishana na mteja ngazini, na Injinia, aliyeingia mwisho bila haraka yoyote. Kama kawaida, Mwenyekiti aliwaonyesha wajumbe mlango wa kutokea endapo moto utazuka. Mlango ni mmoja, nao wote walikuwa wamepitia hapo hapo.

Katibu alieleza kwamba agenda ni moja tu. Mtumba aliomba kwanza aseme neno kuhusu mashine mpya, kwamba zile za zamani zenye mwili wa chuma zilidumu na hizi za sasa "ukizikodolea macho tu zinapata homa". Kocha alimjibu kwamba mashine hizo za chuma zingelia machozi kwa gemu za leo. Likazuka suala la kibodi, ipi ni bora, inayopiga kelele au iliyo kimya. Mjadala ulichukua dakika kumi na moja.

Katibu aliomba iandikwe kwamba kwa dakika zote hizo Mwalikwa alikuwa amesimama, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyempisha kiti. Mama Chapa alimpisha chake.

KUMB. NA. 2/DH: KAMERA NA KADI YA GRAFIKI

Katibu aliwakumbusha wajumbe mambo mawili. La kwanza, mwaka jana, baada ya waya kuungua ukutani, Mwenyekiti alipendekeza kamera ifungwe chumbani "kwa ajili ya tahadhari tu". Kikao kilikubali, na neno la siri akapewa Injinia alitunze. La pili, mwezi wa tano Injinia alileta kadi mpya ya grafiki, ile inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora gemu, kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia chumba hiki, akasema ni zawadi kutoka kwa mwajiri wake. Wajumbe walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza zawadi hiyo ni ya nini. Katibu naye hakuuliza.

Mwenyekiti alieleza kwa kirefu umuhimu wa kujiandaa. Alitaja tochi, redio, filimbi, maji ya siku tatu, na nakala za kila faili katika diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Alisema mtu asiyejiandaa hapaswi kumlaumu yeyote.

Saa 9:52 Mtumba alitoka kupokea simu. Alirudi saa 10:01. Dakika tisa.

Saa 9:55 Mwenyekiti alitoka kukagua harufu aliyodhani ni ya waya. Alirudi saa 10:02. Dakika saba. Harufu ilikuwa ya vitunguu.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini Katibu anaandika muda wa watu kutoka. Katibu alijibu kwamba sababu iko katika kumbukumbu inayofuata.

KUMB. NA. 3/DH: BARUA YA KIWANDA

Mwalikwa alieleza kwamba ameshona katika kiwanda hicho kwa miaka kumi na moja. Miezi miwili iliyopita walifungiwa kamera juu ya kila mstari wa cherehani, wakaambiwa ni kwa usalama wao. Kisha barua zikaanza. Kamera zile huhesabu muda ambao mtu hayupo kwenye kiti chake. Anayezidisha dakika nne anaandikwa. Akiandikwa mara tatu kwa zamu moja anapewa onyo, na maonyo matatu ni kufukuzwa. Mwalikwa anatumia dawa za presha zinazompeleka msalani mara kwa mara, na msala uko mwisho wa jengo, chini ya ngazi. Barua ya onyo la tatu alipewa Jumanne.

"Sikuja hapa kulia," alisema. "Jumatatu saa tatu asubuhi nasikilizwa ofisi ya kazi. Meneja atakuja na karatasi za mashine, na mimi nitakwenda na mdomo tu. Nataka karatasi. Kama kuna mtu humu anajua kile kipimo kimetoka wapi, aandike."

Mama Chapa aliuliza kwa nini mtu wa humu ajue. Katibu alionyesha ukurasa wa mwisho wa barua, wenye picha iliyoandikwa chini yake "Kiwango cha mtu makini kazini". Nyuso zimefutwa kwa ukungu. Lakini nyuma ya watu unaonekana mtungi mwekundu wa kuzimia moto, uliofungwa kitambaa cheupe shingoni. Wajumbe wote waligeuka kuutazama ukuta. Mtungi huo ni wa Mwenyekiti, na kitambaa alikifunga yeye mwenyewe.

Katibu alieleza kwamba kwa kanuni za kiwanda, Mwenyekiti na Mtumba kila mmoja ameshaandikwa mara moja, na kikao hakijafika hata saa moja. Mtumba alisema huko ni kuwadharau watu wazima. Katibu alikubaliana naye kabisa.

KUMB. NA. 4/DH: KIPIMO KILIVYOTENGENEZWA

Injinia alitakiwa kueleza. Alisema mambo ya kitaalamu ni marefu. Mama Chapa alimwambia ana jioni nzima.

Injinia alieleza kwamba mwajiri wake hutengeneza programu ya kutazama wafanyakazi. Ili mashine ijue mtu makini anafananaje, ilihitaji picha nyingi za watu waliotulia vitini kwa saa nyingi. Picha za kamera ya Umoja zilikuwepo, mwanga wa chumba ni mzuri, na watu wa hapa hawatikisiki. Alichukua picha za mashindano ya gemu ya mwezi wa nne. Kadi ya grafiki ilikuwa shukrani ya kampuni.

Kocha aliuliza kampuni iliambiwa hao ni akina nani. Injinia alijibu kwamba aliandika "wafanyakazi wa ofisini".

Kocha alipandisha sauti. "Wafanyakazi gani? Wale walikuwa wanacheza gemu! Mtu anacheza fainali, nyumba ikiungua hainuki! Wewe unamchukua huyo ndiye kipimo cha mama anayeshona suruali mia kwa siku?"

Injinia alijibu kwamba yeye aliajiriwa kuifundisha mashine kuona, hakuajiriwa kumfukuza mtu, na kwamba asipofanya yeye atafanya mwingine. Alisema alipokuwa akifundisha kompyuta shuleni watu walimsifu kwa moyo wake wa huruma, ila sifa hazijengi maisha. Mama Chapa alimwambia kwamba kila mwezi wanafika dukani kwake watu wanaotaka awachapie vyeti vya bandia, nao husema maneno hayo hayo, asipochapa yeye atachapa mwingine. "Basi achape huyo mwingine," alisema. "Mkono wangu sitautia."

Wakati huu Mwalikwa alitoka nje. Katibu hakuandika muda aliotoka, na hataandika.

Kocha aliuliza kama mashine iliwachukua wote kwa usawa. Injinia alisema hapana. Mashine huwapa uzito zaidi wale waliotulia kuliko wengine, na mmoja aliwapita wote kwa mbali. Alikaa saa saba na dakika kumi bila kuinuka hata mara moja. Ndiye aliyevuta kipimo chote juu. Mtumba aliuliza ni kiti kipi. Injinia alisema ni kiti namba tatu.

Kocha alisema, "Kiti namba tatu si ndicho cha..." akamgeukia Katibu.

Kiti namba tatu ni cha Katibu. Katibu ndiye aliyeshinda mashindano ya mwezi wa nne na kupigiwa makofi na wajumbe hawa hawa. Katibu anaandika pia, kwa kuwa ni kweli, kwamba siku ile alikuwa amebanwa na mkojo tangu saa ya tatu ya mchezo, akajikaza ili asipoteze raundi.

KUMB. NA. 5/DH: FOMU YA RIDHAA

Injinia alitoa mkobani fomu sita. Alieleza kwamba wanasheria wa kampuni wanataka kila aliyeonekana kwenye picha asaini kwamba aliridhia. Mama Chapa alizichukua, akazisoma, akauliza mbona zina tarehe ya mwezi wa pili, kabla ya mashindano kufanyika. Injinia alisema aliambiwa na wakubwa aweke tarehe hiyo. Mtumba alisema kusaini jina hakumuui mtu, na kadi kama ile haipatikani kirahisi. Katibu alimuuliza kama angesaini iwapo barua ile ingekuwa ya mkewe. Mtumba alisema mkewe asiingizwe. Mama Chapa alisema, "Mkuki kwa nguruwe."

Mtumba alidai Katibu hapaswi kuandika kikao hiki kwa sababu Mwalikwa ni ndugu yake. Katibu alijibu kwamba ndugu yake ni wa tumbo moja, halifichi, na kwamba kila aliyecheza kwa kadi ile tangu mwezi wa tano naye ana lake humu.

MAAZIMIO: Fomu zisisainiwe (wanne walikubali, Mtumba alikataa, Injinia hakupiga kura). Kamera izimwe leo. Kadi irudishwe ilikotoka. Kocha aliichomoa mbele ya wajumbe, akaiweka kwenye boksi la viatu, wala hakuitazama mara ya pili.

KUMB. NA. 6/DH: KUSOMWA NA KUSAINIWA KWA KUMBUKUMBU HIZI

Katibu aliomba kumbukumbu zisomwe na kusainiwa hapo hapo, ili Mwalikwa aende nazo Jumatatu. Mwenyekiti alisema katiba inataka kumbukumbu zithibitishwe kikao kijacho, yaani mwezi ujao.

Mama Chapa alimuuliza, "Mwenyekiti, ulipokuwa zimamoto, nyumba ikiungua mlikuwa mnasubiri kikao kijacho?"

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema atasaini kwa sharti moja, Injinia akiri kwa saini yake kwamba maneno yaliyoandikwa ni yake. Bila hivyo meneja atasema ni umbea wa mtaani.

Injinia aliomba kuzungumza na Katibu pembeni. Katibu alikataa, akamwambia aseme mbele ya watu. Injinia alisema, kwa sauti ya chini, kwamba Mwalikwa hakuwepo lilipotajwa suala la kiti, kwa hiyo hajui. Alipendekeza yafutwe maneno yake kuhusu "wafanyakazi wa ofisini" na tarehe za fomu, na hapo hapo yafutwe maneno kuhusu kiti namba tatu, ili kila mmoja abaki na heshima yake na mambo yaishe kindugu.

Katibu hakujibu mara moja. Inaandikwa hivyo ili isidhaniwe kwamba ilikuwa rahisi. Mwalikwa ndiye aliyemlea Katibu tangu mama yao alipofariki, na kitanda cha Katibu kiko ukuta mmoja na chake.

Mwalikwa alirudi, akakaa. Katibu alisimama akasoma kumbukumbu zote kuanzia juu, kwa sauti, pamoja na pendekezo la Injinia. Alipofika kiti namba tatu alisoma namba ya kiti, jina la mwenye kiti, saa saba na dakika kumi, na mkojo. Mwalikwa alimtazama. Katibu aliendelea kusoma mpaka mwisho.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna masahihisho.

Injinia alisema yapo. Aliomba iongezwe kwamba kampuni ilimuuliza mara mbili kwa barua kama watu wale ni wafanyakazi kweli, na mara zote mbili alijibu ndiyo, na barua hizo anazo. Katibu aliyaongeza hapo hapo, kisha Injinia alichukua kalamu yake, akasaini kila ukurasa. Alisema kufikia Jumatatu mchana hatakuwa na kazi. Katibu hakumshukuru, wala hana mpango wa kumshukuru.

Mwenyekiti alisaini baada yake. Mama Chapa alishuka kuwasha mashine yake, akarudi na nakala tatu zikiwa bado na joto.

Mwalikwa alizihesabu kurasa, akazikunja, akazitia mkobani. Aliwashukuru Mwenyekiti na Mama Chapa. Alipofika mlangoni alimgeukia Katibu, akamwambia, "Sisi tutaongea nyumbani."

KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa 11:40 jioni. Mengineyo hayakuulizwa. Sehemu hii ya mwisho iliandikwa baada ya nakala kutoka, na wajumbe wawili walio hapa chini wameisoma.

Mwenyekiti: (saini)

Katibu: (saini). Bado yuko chumba cha Umoja. Atakwenda nyumbani sasa hivi.