Boriti za Tangi

4 Machi

Baba, shikamoo.

Huku hatujambo, ila mjukuu wako anaota meno na mimi natembea nimelala. Mgongo wa Mama bado. Kifua chako kimetulia huko kwenye ujenzi?

Nakuandikia kuhusu tangi ulilotupandishia juu ya stoo. Jana chuoni tulifundishwa kutafuta kani za egemeo, yaani mzigo unaobebwa na kila kinachoishikilia boriti, nikachukua boriti zako kama mfano. Zimelala juu ya matofali ya nyuma, na ya ukingoni mita mbili mbele yake. Mita moja imetokeza nje, na tangi liko kwenye ncha hiyo, juu ya pale ninapomwogeshea mtoto. Likijaa ni tani moja. Nikapata matofali ya ukingoni yanabeba tani moja na nusu, na ya nyuma nusu tani, ya kutoa. Yaani huku nyuma boriti zinataka kuinuka. Zinahitaji kushikwa chini, na tofali halina mikono. Naomba tusilijaze mpaka uje uzifunge.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, marahaba.

Kifua hakijambo, ingawa vumbi la saruji ndiyo chai yetu.

Nimecheka mpaka wenzangu wakaja kuuliza. Tangi tani moja, matofali yabebe tani moja na nusu! Hiyo nusu imetoka wapi, sokoni? Jibu likija na alama ya kutoa, mama, umekosea, rudia. Boriti zile nilizikanyaga mwenyewe, hazikutikisika. Mama yako amebeba ndoo vya kutosha. Nimemwagiza dereva anayebeba barua zetu amwambie: maji yakitoka, ajaze.

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo. Pole na vumbi.

Jino limetoka. Amelizindua begani kwangu.

Nimerudia hesabu huku nikinyonyesha. Ni kutoa ileile. Wewe ulizikanyaga tangi likiwa tupu. Chukua ubao hapohapo kazini, ulaze juu ya matofali mawili, ncha moja itokeze, uweke mfuko wa saruji kwenye ncha. Kisha tazama ncha ya nyuma. Ukiibonyeza isiinuke, tofali la mbele linabeba mfuko pamoja na mkono wako. Nusu tani inatoka hapo.

Mama amenuna. "Baba yako amejenga nyumba ngapi? Wewe umejenga nini?" Nikamwambia, "Nimejenga huyu niliyembeba, na simwogeshi tena chini ya tangi lile."

Sikuvunjii heshima, Baba. Ila kwa hili sirudi nyuma. Nijibu upesi.

Mwanao

29 Machi

Baba, shikamoo.

Alhamisi maji yalitoka nikiwa chuoni. Mama akafungulia mpira. Tangi halijafika hata robo, boriti zikainuka nyuma mbele ya macho yake. Akazikalia. Nilimkuta juu ya stoo, mjukuu wako mgongoni, maji bado yanaingia.

"Nikishuka linaanguka," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Nikafunga bomba, nikauchomoa mpira bombani, ncha ya pili ikiwa bado majini ndani ya tangi, nikaunyonya mpaka maji yakanijaa mdomo, yakaanza kurudi uani. Kisha nikapanda nikakaa naye, tukangoja liishe. Mtoto alilala muda wote.

Hakuna aliyeumia. Lakini tangu ashuke, Mama si yule. Anateka ndoo zake, akipita stoo anainamisha kichwa.

Dereva ameniambia ubao uliujaribu. Anasema ulisimama ukautazama sana, kisha ukarudi kazini, na hukumpa ujumbe wowote.

Usiniandikie mimi kwamba hesabu ilikuwa sawa. Mwandikie Mama.

Mwanao