Macho ya Bango la Mwenge

Chamazi, Temeke

Kwa mdogo wangu Somoe,

Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa: marahaba. Goti linasemaje? Na yule jogoo wako mpumbavu, bado anawika adhuhuri? Mie mzima, ila meno yanahama moja moja bila kuaga, kama wapangaji wa nyumba hii. Ningepiga simu, lakini wewe ukipokea unapiga kelele kama unafukuza ngedere shambani, sisikii kitu ila haloo.

Habari kubwa: kaka yako amekuwa staa. Pale Mwenge kuna bango refu kuliko mnazi, na sura iliyopo ni yangu. Watangazie wote hapo Liwale, hasa mumeo aliyesema sitafika popote.

Haya, usitangaze. Sura ni ya kijana mmoja mwimbaji. Lakini usicheke bado, maana mie nimo kwenye lile bango. Ngoja nikueleze.

Unajua nafungua geti kwenye studio ya Madam Zuhura, kule Kinondoni. Ni mtoto wa Kiarabu, baba yake aliuza vitambaa Temeke, naye alianza kwa kupiga picha za pasipoti nyuma ya duka. Leo mastaa wanapanga foleni kwake kama wagonjwa. Akifika staa, anavuliwa mikufu na miwani, anakalishwa kwenye kigoda cha mafundi seremala wa Keko, dirisha moja wazi, kitambaa cheusi nyuma. Kutabasamu marufuku. "Watu wanadhani tabasamu ni mlango," anasema, "kumbe ni komeo."

Kabla ya staa, nakaa mie kigodani ili apime mwanga. Anasema weusi wangu hauna mfano: mwanga ukinikubali mie, utamkubali yeyote. Akimaliza, picha zangu anazifuta. Somoe, nimepigwa picha kuliko mastaa wote wa nchi hii, na sina hata moja.

Ana sharti lingine. Kila staa aje na mtu wake mmoja, asimame nyuma ya kamera. Staa haangalii kamera, anamwangalia mtu wake. Mmoja alikuja na mama yake muuza vitumbua, mwingine na fundi cherehani wake. Yule kijana wa bango akaja na watu saba, mabaunsa watupu.

"Umemleta nani?" Madam akauliza.

"Si hawa hapa?"

"Hawa wamekusindikiza. Nauliza umemleta nani."

Kijana akageuka huku na huku kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini. Mwisho akaninyooshea kidole mie, niliyeshika ufagio. "Asimame mzee huyu. Masikio yake kama ya babu yangu aliyenilea." Akashusha kidole. "Nilikuwa safarini kwenye shoo. Sikumzika."

Nikamwambia, "Nitazame basi, mjukuu wangu. Nimekusamehe kwa niaba yake. Na hayo masikio usiyaseme tena, yananitosha."

Madam akabonyeza. Kwa hiyo ukipita Mwenge, yale macho makubwa yaliyojaa maji yananitazama mie. Watu wanapita chini yake hawajui. Mie hushukaga pale makusudi, nasimama kidogo, natazamwa.

Sasa sikiliza. Madam anafunga studio. Macho yake yameingia ukungu, hata uso wangu anaupapasa kwa mwanga. Amesema picha yake ya mwisho itakuwa yangu, na hii haitafutwa. "Ila sharti ni lile lile, mzee Issa. Uje na mtu wako."

Nikamwambia dada yangu anaumwa malaria. Wiki iliyofuata nikakuvunja mguu kwa maneno. Nisamehe, nimekuuguza sana. Wiki ya tatu akaniuliza, "Mzee, una mtu au huna?" Nikacheka. Kicheko kikaisha, yeye bado ananitazama.

Tangu mke wangu Mwanahawa afariki, chumbani kwangu kikombe ni kimoja. Cha pili kilivunjika, sikuona sababu ya kununua kingine. Nilifikiria kumchukua mpangaji mwenzangu, lakini utamtazamaje kwa upendo mtu anayekuibia mkaa? Madam amenipa hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anaiweka kamera kabatini.

Msalimie mumeo kiziwi, msalimie kwa sauti. Msalimie mkunga aliyetupokea wote duniani, akiuliza naja lini mwambie kesho. Na yule mwalimu aliyenifukuza darasa la nne, kama yu hai mwonyeshe mwandiko huu, ajutie.

Halafu kuna deni letu. Unakumbuka siku ya harusi yako, mpiga picha wa baiskeli alipokosa ukuta wa maana? Nilisimama nyuma yako nimekunjua kanga ya mama, mikono juu, mpaka mabega yakawaka moto. Kwenye picha ile wewe unang'aa kama mbalamwezi, na mie ni vidole vinane juu ya pindo. Ukaniambia, "Kaka, siku yako ikifika nitakushikia mie."

Imefika. Panda basi, nitakupokea stendi. Kanga usibebe, kitambaa cheusi kipo. Wewe simama tu nyuma ya kamera, nikutazame.

Ni mie kaka yako,
Issa wa vidole vinane