Kilo Nne

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tano ya vinywaji tu. Asubuhi uji mwepesi, mchana supu iliyochujwa, jioni maziwa. Nimefundisha vipindi vitatu vya Jiografia nikiwa nimeketi. Baadaye Msasani, ya huku kwetu, si ya Dar, kujipima kwenye mizani ya magunia ya viazi, maana ile ya zahanati inaishia mia na ishirini. Wapakiaji wakanishika mkono nipande. Huruma yao siitaki. 144. Daktari wa Dar anataka 140 ifikapo tarehe 17, ini lipungue, ndipo anikate tumbo liwe dogo. Nikizidi, narudi nyuma ya foleni. Na moyo wangu, alisema, hauna muda wa foleni.

Alhamisi, 6 Machi
Mjomba wa mume wangu amefariki, Masukulu. Kaka yake mama mkwe. Mimi ni mke wa Ambakisye, mtoto wa kwanza. Nisipoonekana jikoni itakuwa kesi. Habari ya upasuaji anaijua Ambakisye peke yake. Nilitaka hivyo. Sitaki tumbo langu lijadiliwe kanisani.

Jumamosi, 8 Machi
Mazishi. Mvua. Ng'ombe wawili wamechinjwa. Wake wa ukoo tunakula sinia moja. Nikasema tumbo linauma. Mikono yote ikasimama. Huku, kukataa nyama ya msiba ni kama kusema unajua kilichomuua marehemu. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, unaogopa nini humu?"
Nikala. Wali, nyama, mbalaga za maziwa, ndizi laini kabisa. Vilikuwa vitamu. Najichukia kwa hilo. Ambakisye aliniona kutoka kwenye turubai la wanaume. Akageuza shingo.

Jumapili, 9 Machi
Nimekula tena. Mara tatu.

Jumatano, 12 Machi
145. Mwenye mizani akatazama pembeni.
Nimemfokea Ambakisye. Eti ningekula kidogo tu. Kidogo! Mume wangu ni mwoga. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 13 Machi
Mama mkwe kaja na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa mgando, kuona kama naumwa. Nikashindwa kudanganya. Nikamweleza yote, nikamchorea tumbo kwenye daftari na mahali watakapokata. Akapitisha kidole juu ya mchoro.
"Na njaa je, mwanangu, wanaikata nayo?"
Hakulia, hakunikataza. Maziwa akayanywa mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi
Kuanua matanga. Hofu tangu alfajiri. Sinia lilipowekwa, mama mkwe akaacha nafasi yake ya mfiwa mkuu, akaja kukaa ubavuni kwangu. Akala upande wangu wote, pande kwa pande, na meno yenyewe amebaki nayo sita.
"Huyu nimemkataza mimi," akawaambia. "Mwenye neno aje kwangu."
Mikono ikarudi kwenye sinia. Nilitaka kumkumbatia, nikaona aibu. Kesho basi la alfajiri.

Jumatatu, 17 Machi
Dar. Joto. 141. Nikavua viatu, hereni, mtandio. 141. Daktari hakugomba. Juni, akasema, kama nitakuwa tayari.
Nimelia chooni, nikanawa.
Nikampigia Ambakisye. Akasema pole, ni kilo moja tu. Nikamwambia hiyo moja niliila kwenu, wewe ukitazama. Nikakata simu.
Muuguzi akanipa fomu mpya. Jina, umri, kazi. Ndugu wa karibu atakayesaini siku ya upasuaji. Kwenye ile ya kwanza niliandika mume. Leo nimeandika jina la mama mkwe. Muuguzi akauliza kama mume hayupo.
Nikasema yupo, mzima wa afya.