Trekta Juu ya Mawe

Ruiru, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Natumai mko salama na kwamba goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, chuo kimefunguliwa. Barua hii nampa Emmah, jirani yenu, akimaliza kuuza parachichi hapa, kwa sababu siku hizi simu yako huipokea Baba.

Nimefunga humu sili mpya za ekseli ya nyuma, zile pete za kuzuia oili isivuje, kulia na kushoto. Baba aliniambia oili imevuja tena hadi kwenye breki, na kwamba fundi Mbaluka ameyatoa magurudumu na kuiacha trekta juu ya mawe. Sitaki kumlaumu Mbaluka. Labda ekseli yenyewe imelika, na kila sili mpya hukaa palepale palipochimbwa na ile ya zamani. Mwombe aisukume ndani kidogo, ikutane na chuma kizima. Huenda nimekosea; haya nimeyasoma tu.

Mwanao,
Ngendo

Thika, 25 Machi

Ngendo mwanangu,

Salamu zimefika. Goti ni lile lile. Baba yako anakula vizuri.

Mbaluka alifanya ulivyosema. Aliijaribu trekta siku chache, ikavuja pande zote mbili, akaipandisha tena juu ya mawe. Baba yako huketi kando yake akipangusa magurudumu kwa kitambaa. Hanung'uniki.

Usitume sili nyingine.

Mamako

Ruiru, 14 Aprili

Mama,

Mvua imeanza huku. Bila shaka na kwenu pia. Jumamosi nilifika nyumbani ukiwa sokoni. Mbaluka alifungua kizibo cha kupimia kiwango, na oili ikamwagika hadi kwenye viatu vyake. Akasema, "Ngendo, sili hazina makosa. Kuna mtu anaongeza."

Oili ikizidi, hutafuta pa kutokea. Nadhani ni Baba: huongeza asubuhi, akasahau, akaongeza tena. Aliniita Maitu, yaani mama, kama alivyoniita tangu utotoni, kwa kuwa nina jina la mama yake. Kisha akaniuliza kama nimekamua ng'ombe, nasi hatuna hata mmoja. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilitarajia kulia njiani. Badala yake nilisoma mabango ya barabarani, yote, hadi Ruiru.

Tafadhali ficha mtungi wa oili. Mbaluka ataipunguza iliyozidi, na trekta itafanya kazi. Angalau hilo tunaweza kulirekebisha, ingawa sina hakika kwamba ndilo lililoharibika.

Mwanao,
Ngendo

Thika, 2 Mei

Ngendo,

Huku tu wazima. Mtungi nimeuficha tangu Novemba. Anayeongeza oili ni mimi.

Novemba jirani yetu Gachau alimkuta baba yako ukingoni mwa mto, trekta inanguruma, magurudumu ya mbele yameshaingia matopeni. Alikuwa ameketi tu. Hakukumbuka breki ni ipi. Gachau aliizima, akamleta nyumbani, naye akamshukuru kama mtu asiyemjua.

Ningemwambia nini? Kwamba hataendesha tena? Ningemwambia leo, na kesho, na keshokutwa, na kila siku angelisikia kwa mara ya kwanza. Trekta ikiwa mbovu, yeye ni mkulima anayengoja fundi. Analala vizuri.

Sasa Mbaluka anataka kuishusha, na baba yako ameshaandaa viatu vya shamba. Niambie la kufanya. Mimi nimechoka.

Mamako

Ruiru, 9 Mei

Mama, nimezungumza na Mbaluka, hataishusha. Nimezungumza na Gachau pia. Sijui kama tunafanya haki. Msomee Baba hii.

Baba mpendwa,

Habari za shamba? Nimetuma sili nyingine, lakini nahofia ni ndogo kwa ekseli yako. Za trekta za zamani zimekuwa adimu. Mbaluka atazijaribu. Zisipotoshea, nitaendelea kutafuta. Msimu huu Gachau atalima kwa trekta yake, nawe umwoneshe mipaka, maana hakuna aijuaye kama wewe. Usiache kupangusa magurudumu, yasishike kutu.

Uliniuliza kuhusu ng'ombe. Nimemkamua. Maziwa yako mezani, yamefunikwa.

Maitu